Uzi wa wakimbiaji wa Amu (Lamu) na Malindi: miundi, bamvua na safari ya Kipungani

Mkomani Alfajiri
Mfungo Mosi (mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani), tarehe 20, usiku

Assalaam alaykum wenzangu. Kila alfajiri tunapishana kando ya bahari, tunainuliana mkono, kila mtu anashika njia yake. Leo naomba tukae pamoja hapa, maana mwenzenu nimekwama na sitaki kuacha mbio.

Nina miaka 41. Nauza vifaa vya ujenzi, kazi yangu ni kukaa na kunyanyua mifuko ya saruji. Mwaka jana nilipimwa presha ikaonekana imepanda, nikaambiwa nitembee. Nikaanza kutoka Mkunguni hadi Shela, kilomita tatu na ushei, mara natembea mara nakimbia. Kufikia Rajabu nilikuwa nakimbia kilomita 15 kwa wiki bila tabu. Ramadhani nikapunguza. Baada ya Idi nikajiona mwepesi, nikapandisha hadi 40, na karibu zote nilizikimbia juu ya saruji ya gatini.

Sasa miundi, hii mifupa ya mbele chini ya goti. Ulianza wa kulia, upande wa ndani, chini ya nusu ya mguu. Mwanzo ulikuwa ukiuma ninapotoka, nikishapata joto unatulia. Siku hizi unauma hata nikishuka ngazi za nyumbani. Nilikwenda kliniki moja ya binafsi nikachomwa sindano ya maumivu, nikaambiwa niendelee tu. Siku mbili sikuhisi kitu, nikaenda kilomita 9. Siku ya tatu nilishindwa kuinuka vizuri kutoka sijida.

Niliweka nia kwamba kabla ya Maulidi ya Mfungo Sita niukimbie ufuo wote kutoka Shela kuelekea Kipungani, kilomita 12 hivi, nirudi kwa mashua. Niambieni kweli, nia hiyo niiache?

Fundi Viungo
Mfungo Mosi, tarehe 20, usiku

Waalaykum salaam kaka. Pole sana. Mimi ni mtu wa tiba ya viungo, niko Malindi, na alfajiri hukimbia barabara ya Casuarina. Ile sindano ilizima maumivu, haikutibu mguu. Ndiyo maana ulivuka mpaka bila kujua.

Kesho ukiamka, kabla hujatembea sana, kaa barazani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, kuanzia juu ya kifundo hadi nusu ya mguu, ukibonyeza kila hatua ya upana wa kidole. Kisha unijibu: panauma eneo refu, mfano wa upana wa kiganja, au panauma mahali pamoja tu unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole? Usiku ukilala panauma?

Likiwa eneo refu, aghlabu ni utando unaoufunika mfupa pamoja na misuli inayoshikana nao, vimechoka kuvutwa. Hilo huwakuta wengi wanaopandisha kilomita haraka. Ikiwa ni nukta moja, tena inauma hata umelala, hapo mfupa wenyewe huenda umeanza kuingia ufa, na habari yake ni nyingine kabisa.

Mkomani Alfajiri
Mfungo Mosi, tarehe 21

Nimefanya. Panauma eneo refu, vidole vinne vyangu vinalala juu yake. Usiku sisikii kitu. Mguu wa kushoto pia una kidogo, nilikuwa sijajua.

Fundi Viungo
Mfungo Mosi, tarehe 21

Alhamdulillahi. Nia usiiache, isogeze tu.

Wiki mbili usikimbie kabisa. Ogelea, au tembea majini maji yakiwa kiunoni. Baada ya hapo anza dakika moja mbio, mbili kutembea, mara nane, siku moja ndiyo na moja siyo. Sheria yangu kwa kila anayenijia ni hii: maumivu yakiwa madogo wakati wa mazoezi, na kesho yake asubuhi hayapo, endelea vilevile. Yakiamka nawe asubuhi, rudi hatua moja nyuma. Asubuhi ya pili ndiyo inayosema kweli, jioni ya mazoezi hudanganya.

Na misuli ya tafu, hii ya nyuma ya muundi, uipe nguvu. Simama kwenye kidaraja cha baraza, vidole juu ya jiwe, visigino hewani. Panda kwa miguu miwili, shuka kwa mmoja, polepole mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, pumzika, rudia mara tatu. Shika ukuta usianguke.

Mama wa Shela
Mfungo Mosi, tarehe 22

Shukrani Fundi kwa kuandika hii dakika moja mbio, mbili kutembea. Mimi ndivyo nilivyoanza na nilikuwa naona haya kuisema, nikidhani huko si kukimbia.

Nina watoto watatu, wa mwisho ana mwaka na nusu. Siku ya kwanza sikufika mbali, dakika ile moja niliiona kama saa nzima na moyo ulikuwa unapiga masikioni. Huu mwezi wa nne. Juzi nimekimbia dakika 22 bila kusimama. Mume wangu hubaki na watoto, nami na jirani yangu tunatoka baada ya swala ya alfajiri. Navaa suruali pana, fulana ndefu ya kitambaa chepesi na ushungi wa michezo. Ule wa pamba ulikuwa unalowa jasho na kunichubua shingoni. Wanawake mnaotaka kuanza, pakeni mafuta ya kujipaka kwapani na katikati ya mapaja kabla ya kutoka. Hakuna aliyeniambia hilo, nilijifunza kwa vidonda.

Langoni 10K
Mfungo Mosi, tarehe 22

Mama wa Shela, dakika 22! Hongera sana dada, umenipa moyo kuliko unavyojua.

Nami niseme la wasichana. Mwaka wa kwanza nikipita barazani nilikuwa nasemwa. Mamangu hakunikataza, alichofanya ni kutoka nami. Yeye anatembea, mimi nakimbia mbele dakika tano nageuka kumrudia, naenda tena. Miezi mitatu tulifanya hivyo. Sasa wale wazee wa barazani nisipopita siku mbili wananiuliza kama naumwa.

Kijana wa Matondoni
Mfungo Mosi, tarehe 24

Salaam kwenu. Nina miaka 19, kilomita 10 nimekimbia kwa dakika 41 kasoro kidogo, njia ya ndani, kati ya mjini na kwetu. Nataka kushuka chini ya 38 mwaka huu. Nakimbia kila siku, sipumziki. Na mimi nina kitu muundini, lakini changu ni kidogo tu, sehemu moja, nikibonyeza nashtuka. Naona kitaondoka chenyewe.

Fundi Viungo
Mfungo Mosi, tarehe 24

Mdogo wangu, soma tena nilichomwandikia kaka hapo juu kuhusu sehemu moja. Usikimbie kesho. Nenda ukapigwe picha, na ukijibiwa kwamba haionyeshi kitu, usichukulie kuwa mfupa ni mzima, maana ufa wa aina hii wiki za kwanza mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Nakuomba.

Mwalimu wa Bara
Mfungo Mosi, tarehe 25

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwalimu, kwetu ni upande wa Iten, ule mji wa wakimbiaji wa milimani, nimehamishiwa huku mwaka wa pili sasa. Watu wakisikia natoka Iten wanadhani nitapaa. Wiki ya kwanza Lamu nilikimbia kilomita 6 nikakaa chini kichwa kikizunguka. Kule tuko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi lakini baridi. Huku hewa iko tele, ila jasho halikauki mwilini kwa ule unyevu, na jasho lisipokauka halikupoozi. Mwili wangu ulihitaji wiki mbili hivi kuzoea. Kwa hiyo mgeni yeyote asijipime na saa yake siku za mwanzo.

Kijana wa Matondoni, nikuambie jambo la nyumbani. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia kilomita 42.195 pale Chicago, Oktoba 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Hiyo ni dakika 2 na sekunde 51 kila kilomita. Lakini nenda Iten au Kaptagat asubuhi ya siku nyepesi, utawakuta wakimbiaji wakubwa wanaanza polepole hadi mtoto wa shule akawafuata na begi lake mgongoni. Siku ngumu ni ngumu kweli, na nyepesi ni nyepesi kweli. Wewe kila siku yako ni ya mashindano. Mfupa hujengeka ukiwa umepumzika.

Kijana wa Matondoni
Mfungo Mosi, tarehe 25

Nimesikia mwalimu. Nitapunguza kidogo.

Nahodha Mstaafu
Mfungo Pili, tarehe 3

Wanangu, sabalkheri. Mimi si mkimbiaji, miguu yangu imezoea sitaha. Yeo nimesoma maneno yenu yote na nina la kuwaambia, kwani naona mwaumizana kwa kutojua mai ya bahari, kujaa na kupwa kwake.

Mwalalamika saruji ya gatini ni ngumu, na mtanga wa Shela ni laini mno, wachosha. Mtanga mgumu upo, lakini una siku zake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mai hujaa alfajiri na jioni, yakapwa mno saa nne, saa tano mchana, jua limeshawaka. Hapo mkitoka alfajiri mwakuta mai yamepiga ukuta, hata ndia ya Shela hamuipati kavu, mwabaki juu kwenye mtanga mkavu unaomeza mguu. Kila siku mai husogea mbele kiasi cha dakika 50. Basi hesabuni: tarehe 10 hadi 13 ya mwezi mwandamo, na tena 25 hadi 28, mai hupwa asubuhi mapema. Hizo ndizo siku zenu. Hayo si mai mafu kabisa, yasiyojaa wala kupwa sana, wala si bamvua, ufuo wawaachia upana wa kutosha.

Na mtanga mgumu hujulikana kwa jito. Kanyaga penye unyevu. Ukiona pembezoni mwa unyayo pamegeuka peupe, pamekauka ghafula, hapo panabeba. Ukiona mai yapanda na mguu wazama, sogea.

La mwisho, msifanyie mazoezi juu ya yale matuta ya mtanga nyuma ya Shela. Mai matamu ya visima vya mui huu yahifadhiwa chini ya matuta yale. Majani yakikanyagwa, mtanga hupeperuka. Kimbieni ufuoni.

Mkomani Alfajiri
Mfungo Pili, tarehe 3

Mzee wangu, shikamoo. Nimezaliwa kisiwani hapa na nimekuwa nikitazama saa, sikuwahi kutazama mwezi kwa ajili ya mbio. Nimechapisha maneno haya nikayabandika ukutani dukani.

Silversands
Mfungo Pili, tarehe 4

Huku Malindi hesabu ni hiyohiyo, nimejaribu leo kuirudisha nyuma kwenye daftari langu la mazoezi. Siku zote nilizoandika "mchanga mbaya, miguu mizito" zinaangukia bamvua! Mimi hutoka Silversands hadi karibu na nguzo ya Vasco da Gama na kurudi.

Niulize kitu, Fundi. Nyonga yangu ya upande mmoja inauma kila nikikimbia ufukweni, barabarani haiumi.

Fundi Viungo
Mfungo Pili, tarehe 4

Ufuo una mteremko. Mguu wa upande wa bahari unakanyaga chini zaidi kuliko mwenzake, nyonga inapinda kwa maelfu ya hatua. Usiende masafa yote upande mmoja, nenda na kurudi kwa mstari uleule, au shuka hadi penye tambarare maji yakiwa yamekupwa vizuri. Na usikimbie pekupeku kilomita nyingi kwa mara ya kwanza. Anza na dakika tano mwisho wa mazoezi. Mchanga laini unakula nguvu, kukimbia juu yake kunahitaji kama mara moja na nusu ya nguvu za ardhi ngumu, na kano ya kisigino ndiyo inayolipa.

Langoni 10K
Mfungo Pili, tarehe 11

Kuna mwenye habari za Kijana wa Matondoni? Binamu yangu amemwona jana akitembea kwa fimbo.

Kijana wa Matondoni
Mfungo Pili, tarehe 12, usiku

Niko hapa. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa naona aibu mbele yenu.

Sikupumzika. Nilisema nitapunguza, nikapunguza siku mbili tu. Jumatano nilikuwa narudi kutoka mjini, karibu na mikoko kabla ya kufika kwetu, nikasikia muundini kitu kama kuti kavu likivunjika. Nikashindwa kuweka mguu chini. Mzee mmoja mwenye punda alinibeba hadi nyumbani. Nimepigwa picha, haikuonyesha kitu, kama Fundi alivyosema. Mamangu analia kwa sababu anadhani nitalemaa. Mimi mwenyewe silali. Fundi, nisamehe, uliniomba.

Fundi Viungo
Mfungo Pili, tarehe 12, usiku

Hakuna la kusamehewa, mdogo wangu. Umeandika, na hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Mwambie mama hutalemaa. Mfupa wa muundi ukipewa nafasi huunga, na kwa umri wako huunga vizuri. Tumia magongo mawili, siyo fimbo moja, mpaka kutembea kusiwe na maumivu. Baada ya wiki tatu rudia picha, mara nyingi hapo ndipo mfupa mpya unapoonekana ukiziba ufa. Tia akilini wiki sita hadi nane bila kukimbia hata hatua moja. Kula samaki, maziwa, mayai, maharagwe, wala usipunguze chakula kwa kuwa hukimbii, maana mfupa unajengwa na unachokula. Nitakupigia kesho.

Mama wa Shela
Mfungo Pili, tarehe 13

Mwanangu, usione haya kwetu. Nikiwa na watoto wangu nimejifunza kwamba aliyeanguka huulizwa kwanza ameumia wapi. Nitamtembelea mamako Ijumaa na jirani yangu, tutakaa naye.

Mwalimu wa Bara
Mfungo Pili, tarehe 13

Kijana, mimi nilivunjika hivyohivyo mguu wa kushoto nikiwa na miaka 22, kambini. Nilidhani maisha yamekwisha. Nikakaa miezi mitatu. Mwaka uliofuata ndio niliokimbia nusu marathoni yangu nzuri kuliko zote, saa 1 na dakika 7. Ukiruhusiwa kuingia majini, ogelea. Moyo na mapafu havijui kama unaogelea au unakimbia.

Mkomani Alfajiri
Mfungo Tatu, tarehe 14

Idi njema kwenu nyote. Ripoti yangu: wiki mbili za kuogelea nilizimaliza, kisha dakika moja kwa mbili, kisha tatu kwa moja. Jana nimekimbia kilomita 5 mfululizo, polepole, mtu anayetembea haraka angenikaribia. Asubuhi nimebonyeza muundi wote, eneo limebaki la vidole viwili, na ni kama jeraha linalopona. Kila usiku nikifunga duka napanda kidaraja cha baraza. Mara ya kwanza nilifika nane mguu ukatetemeka. Sasa namaliza 15 mara tatu, na mwanangu wa miaka saba ananihesabia kwa sauti mtaa mzima unasikia.

Jingine: dukani nina mizani ya kupimia misumari. Nimejipima kabla na baada ya mbio za dakika 50, nikakuta nimepungua kilo 1.4. Hiyo yote ni maji?

Mwalimu wa Bara
Mfungo Tatu, tarehe 14

Karibu yote ni maji, kila kilo ni kama lita moja. Kunywa polepole baada ya mbio, siyo kwa pupa. Ukitoka zaidi ya saa moja katika joto hili, jichanganyie nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ni kipimo kilekile cha watoto wanaoharisha. Chumvi usizidishe. Na mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka katikati ya jua, hata kama bado anatoka jasho, mwekeni kivulini mmwagie maji baridi mwili mzima mara moja, ndipo mtafute usafiri wa hospitali.

Kijana wa Matondoni
Mfungo Tatu, tarehe 16

Picha ya pili imetoka. Kuna uvimbe mdogo mweupe pembeni ya mfupa. Daktari amesema ndio mfupa unaunga. Mamangu ameibusu ile karatasi.

Naogelea kila siku maji yakijaa, kutoka gati la kwetu hadi kwenye mtumbwi wa mjomba na kurudi.

Langoni 10K
Mfungo Tatu, tarehe 16

Allahu Akbar! Nimelia hapa kazini.

Mkomani Alfajiri
Mfungo Nne, tarehe 27

Nimefika kilomita 9 tena, mara hii kwenye mchanga mgumu, na asubuhi ya leo miundi yote miwili ni mizima. Sijaongeza zaidi ya kilomita mbili kwa wiki tangu nianze upya, na kila wiki ya nne nimepunguza.

Sasa nasema mbele yenu. Mfungo Tano, tarehe 11, in sha Allah, Shela kwenda Kipungani. Nahodha, maji yatakuwaje?

Nahodha Mstaafu
Mfungo Nne, tarehe 27

Yatakupwa kama saa moja asubuhi. Tokeni Shela saa kumi na mbili, mna saa mbili na zaidi za mtanga mgumu kabla ya mai kurudi. Kusi, upepo wa kusini, itakuwa imesimama, itawapiga kwa mbele upande wa kushoto, lakini asubuhi mapema haijakaza. Mtu asiende pekee, ufuo ule ni mtupu. Kurudi, piteni ndia ya ndani, ngojeni mai yajae kidogo mkondoni ndipo mashua ipite.

Kijana wa Matondoni
Mfungo Nne, tarehe 27

Mashua ni ya mjomba wangu. Mimi nitakuja nayo, nitawangoja Kipungani.

Langoni 10K
Mfungo Tano, tarehe 11, mchana

Naandika nikiwa bado na chumvi usoni.

Tulitoka saa 12 na dakika 5, watu saba. Mkomani Alfajiri, Mwalimu, mimi na mamangu aliyetusindikiza kilomita ya kwanza, Mama wa Shela na jirani yake, pamoja na Silversands aliyekuja jana kwa basi kutoka Malindi na kulala kwa Mwalimu. Mama wa Shela alikuwa amekusudia kilomita 6 na kugeuka na jirani yake. Mwalimu alituzuia kilomita tatu za mwanzo, kila mtu akitaka kwenda anamwekea mkono. Mchanga ulikuwa kama Nahodha alivyosema, unaweka mguu na weupe unatanuka kuzunguka unyayo, ukiinua unarudi kuwa kijivu. Kulia kwetu matuta, kushoto bahari, mbele hakuna mtu hata mmoja, ni kaa wanaokimbilia mashimoni.

Kilomita ya sita Mama wa Shela hakugeuka. Alimwangalia jirani yake, jirani akamwambia, "Twende." Wakaendelea. Walitembea mara nne njiani. Wote wawili wamefika.

Mkomani Alfajiri kilomita ya tisa alisimama. Sote tuliogopa. Akakaa mchangani, akapitisha kidole muundini chini hadi juu, akainuka akasema hapana kitu, ni woga. Saa 1 na dakika 24 kwake. Alipofika alisujudu palepale penye unyevu, na mara hii aliinuka bila kushika goti.

Kijana wa Matondoni alikuwa ufukweni na madafu kumi na mawili, ameshayachonga yote.

Mama wa Shela
Mfungo Tano, tarehe 11, usiku

Mtoto wangu mkubwa ameniuliza, "Mama, ulikimbia mpaka mwisho wa kisiwa?" Nikamwambia karibu na mwisho. Miguu inauma, visigino vinauma, sijawahi kufurahi hivi tangu nizae. Kijana, lile dafu uliloniwekea kando ndilo tamu nililowahi kunywa. Mungu akuponye kabisa.

Nahodha Mstaafu
Mfungo Tano, tarehe 12

Niliwatazama kwa darubini kutoka Shela mpaka mkapotea. Hongereni wanangu.

Silversands
Mfungo Tano, tarehe 13

Nimefika Malindi salama. Nyonga haikuuma, tulikuwa chini kwenye tambarare. Tarehe 26 nawakaribisha huku, tutoke Silversands kuelekea kusini, Fundi amesema atakuja.

Kijana wa Matondoni
Mfungo Tano, tarehe 19

Wenzangu, leo ni wiki ya kumi na nne. Daktari ameniruhusu. Nimekwenda ufukweni na mjomba, yeye ameshika saa. Dakika moja mbio, mbili kutembea, mara sita. Sikutazama kasi. Dakika ya kwanza nilikuwa nasikiliza mguu tu, ya pili pia, ya nne nikasikia upepo.

Nimebonyeza baada ya kumaliza. Hakuna mahali panaposhtua.

Fundi Viungo
Mfungo Tano, tarehe 19

Usiku huu lala vizuri mdogo wangu. Kesho pumzika. Ukiamka asubuhi, kabla hujakanyaga chini, bonyeza tena pale pale, kisha uniandikie hapa.

Kijana wa Matondoni
Mfungo Tano, tarehe 20, saa 11:50 alfajiri

Nimebonyeza mara tatu. Pazima.